Kikomo cha kilomita 25: kasi ipi ya baiskeli ya umeme inafaa pesa zako

Baiskeli nyingi za umeme zinazozunguka Unguja ni mtumba wa Ulaya, na karibu zote zina tabia moja: zikifika kilomita 25 kwa saa, mota inakata. Padeli zinakuwa nzito ghafla, vespa inakupita kwa fujo, na wewe unaanza kuulizia bei ya kufungua kikomo.

Usilipe kitu kabla hujajua kinachokuchelewesha. Ipo kasi ya shilingi elfu hamsini na ipo kasi ya milioni, na wengi wanaoulizia ya milioni hawajainunua ile ya elfu hamsini. Ukishaimaliza hiyo, zimebaki njia moja au mbili zenye maana kwa mtu anayetoka Bububu, Fuoni au Tunguu kila siku. Nyingine zinamfaa zaidi muuzaji.

Bei zilizomo humu ni makadirio ya kupangia bajeti, dola moja ikihesabiwa kwa shilingi 2,500 hivi. Uliza maduka mawili kabla ya kutoa pesa, na bei ya kitu kinachoagizwa nje usiilinganishe na ya dukani mpaka umeongeza nauli na ushuru.

Kikomo kimetoka wapi

Sheria ya Umoja wa Ulaya inaihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, inasaidia pale tu unapokanyaga padeli, na inakata ikifika kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo inahesabiwa pikipiki ndogo, na mwenyewe anatakiwa awe na namba na bima. Ndiyo maana kiwanda kinafunga kikomo hata kama mota ina uwezo zaidi. Marekani wamelegeza kidogo: aina nyingi zinakata kwenye kilomita 32, na daraja moja linaruhusiwa hadi 45.

Tafuta kibandiko kwenye fremu, mara nyingi chini, karibu na padeli. Ukiona 250 W, 25 km/h na EN 15194, hiyo ni ya Ulaya. Kisha angalia mota iko wapi. Ikiwa ndani ya habu ya gurudumu la mbele au la nyuma, una nafasi ya kuchezea na mafundi wengi wataielewa. Ikiwa katikati, pale padeli zilipo, una baiskeli nzuri zaidi kuendesha, ila ngumu na ghali zaidi kuifungua.

Dakika unazozinunua

Tufanye hesabu kabla ya kufungua pochi. Kutoka Bububu hadi Malindi ni kama kilomita 10. Ukienda 25 bila kusimama, ni dakika 24. Ukienda 32, ni dakika 19. Umeokoa dakika tano, tena kwa barabara tupu. Asubuhi, ukishakutana na foleni ya daladala karibu na mjini, toa dakika mbili katika hizo.

Kutoka Tunguu ni kama kilomita 16. Kwa 25 ni dakika 38, kwa 32 ni dakika 30. Hapo umeokoa dakika nane kwenda na nane kurudi. Mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo kikuu pale Tunguu ana sababu ya kuendelea kusoma.

Ukikaa Shangani na kufanya kazi Vuga, au ukitoka Kiponda kwenda Mkunazini, hakuna unachokinunua. Vichochoro vya Mji Mkongwe havina nafasi ya hata kilomita 15 kwa saa: kila kona kuna mtoto, mkokoteni, baraza yenye wazee au mgeni anayepiga picha mlango. Pesa zako weka kwenye breki na kengele.

Kasi ya elfu hamsini

Baiskeli isiyofika hata 25, au inayofika kwa tabu, haina tatizo la kikomo. Imechoka. Kagua vitu vinne kwa mpangilio huu.

Tairi. Ubavuni pameandikwa presha inayotakiwa. Tairi nyingi za inchi 28 za mjini zinataka kati ya psi 45 na 75. Fundi wa kijiweni anajaza kisha anabonyeza kwa kidole gumba, na kidole gumba hakisomi psi. Nunua pampu ya kusimama yenye saa ya presha, kama shilingi 35,000 hadi 50,000, au changia na jirani. Tairi lililolegea linakula kasi, linakula betri na linapasua tyubu. Kama mpira umepasukapasuka kwa jua, weka mpya: tenga 20,000 hadi 35,000 kwa moja, na ukubwa wa inchi 28 au 26 hautakupa tabu kuupata Darajani wala Mwanakwerekwe.

Breki zinazogusa. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likisimama baada ya mizunguko miwili mitatu, raba inasugua rimu au pedi inasugua diski. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache na elfu chache.

Cheni. Chumvi ya pwani na mchanga wa njia za ndani vinaifanya cheni iwe kavu na nzito. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, tia mafuta mepesi, futa yaliyozidi. Cheni mpya ya kawaida ni shilingi 10,000 hadi 15,000.

Betri. Hapa ndipo kasi nyingi inapopotelea. Betri ya volti 36 ikijaa inatakiwa isome karibu volti 42, kwa sababu ndani ina seli kumi mfululizo na kila seli inajaa kwa volti 4.2. Mwombe fundi aipime kwa mita mara tu inapotoka kwenye chaja. Ikisoma 39 na chaja inaonyesha imejaa, kuna kasoro. Ikisoma 42 lakini ukikanyaga kwa nguvu inaanguka hadi 32 au 33, seli zimezeeka. Betri ya hivyo hata ukiifungulia kikomo haitakupeleka popote.

Na upepo usiusahau. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, anayekwenda Bububu anaupokea usoni. Ukienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa 15 ukija mbele, mwili wako unakata hewa kama mtu anayekwenda 35. Inamisha mgongo kidogo na ondoa kikapu kikubwa cha mbele kama hukihitaji. Ni bure.

Hapa nyongeza moja ya bei ndogo: gia ya nyuma. Baiskeli nyingi za mtumba zina gia nyepesi za mzee wa Kiholanzi anayekwenda sokoni. Ukifika 25 miguu inazunguka upesi mno na huwezi kuongeza. Unguja ni tambarare, na Masingini, sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, ni kama mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Kubadilisha gia ya nyuma ya meno 19 kuweka ya meno 16 kunakuongezea karibu asilimia 19 ya mwendo kwa mzunguko uleule wa miguu, na ni shilingi elfu chache pamoja na ufundi. Mota haitakusaidia juu ya 25, lakini miguu yako haitapotea bure.

Njia ya kwanza: mipangilio ya skrini

Bei: bure, au ufundi wa 10,000 hadi 20,000. Upatikanaji: hapohapo. Uimara: mzuri.

Baiskeli nyingi zenye mota ya habu na skrini ya kawaida zina menyu iliyofichwa yenye kikomo cha kasi na ukubwa wa gurudumu. Kikomo kikifunguliwa, unapandisha kutoka 25 hadi 30 au 32. Baadhi ya kontrola za bei nafuu hazina menyu, ila zina waya mdogo wa kikomo unaochomekwa au kuchomolewa.

Kuna wanaodanganya ukubwa wa gurudumu badala ya kugusa kikomo. Wanaiambia skrini gurudumu ni dogo kuliko lilivyo. Matokeo yake kasi na kilomita kwenye skrini zote zinakuwa za uongo, na siku ya kuuza baiskeli mnunuzi mjanja ataligundua hilo. Usikubali kama kuna njia ya kugusa kikomo chenyewe.

Mtego uko hapa, na muuzaji hatakutajia. Mota ya habu ina mizunguko yake ya juu, na kikomo kikiondolewa mota haibadiliki. Mota inayozunguka mara 210 kwa dakika kwenye gurudumu la inchi 28, lenye mzingo wa kama mita 2.2, inakwenda kama kilomita 28 kwa saa, basi. Nyingine zimesukwa kwa mizunguko 260, hizo zinakaribia 34. Mwulize muuzaji namba ya mizunguko, au tazama maandishi kwenye habu. Kama yako ni ya 210, umelipia kilomita tatu.

Uamuzi wangu: kama ni bure, fanya, mwisho 32. Kama fundi anataka zaidi ya elfu ishirini kwa kubonyeza vitufe, ondoka.

Njia ya pili: kichipu cha kudanganya sensa

Bei: shilingi 170,000 hadi 400,000 kabla ya nauli. Upatikanaji: wa kuagiza Ulaya au China. Uimara: wa kubahatisha.

Hiki ni kwa mota za katikati. Kinachomekwa kati ya sensa ya gurudumu na mota, kinapunguza hesabu ya kasi, na mota inadhani bado uko chini ya 25. Toleo la bure la ujanja huohuo ni kuihamisha sumaku ya sensa. Kwenye mota za zamani vyote vinafanya kazi.

Kwenye mota mpya havifanyi kazi kwa muda mrefu. Watengenezaji wakubwa wa Ulaya wameweka programu inayolinganisha kasi, gia na nguvu ya mguu. Hesabu zisipooana, mota inashuka kwenye hali ya dharura, inasaidia kidogo tu, na ikirudia mara kadhaa inataka kufunguliwa na wakala mwenye kompyuta na programu yake. Sasa jiulize wakala huyo yuko wapi. Kama jibu linaanza na neno Nairobi au Amsterdam, umenunua kasi ya wiki mbili na baiskeli ya kusukuma.

Uamuzi: acha. Bei yake inatosha tairi mbili, breki mpya na cheni, na chenji inabaki.

Njia ya tatu: kontrola na skrini mpya

Bei: 125,000 hadi 225,000 kwa seti, ongeza nauli, ushuru na ufundi wa 30,000 hadi 50,000. Upatikanaji: Dar es Salaam au kuagiza. Uimara: mzuri kama plagi zimezibwa vizuri.

Hii ni kwa mota ya habu ambayo skrini yake imefungwa au imekufa. Mtumba mwingi unakuja na skrini iliyopasuka au isiyo na funguo, na kununua ya asili pekee kunaweza kuzidi seti nzima ya kawaida. Ukibadilisha vyote viwili unapata mipangilio iliyo wazi, na vipuri vyake mbele ya safari vinapatikana kirahisi kwa sababu ni vya kawaida.

Usizidishe ampea. Mota ya wati 250 ikilishwa kontrola ya ampea 25 inapanda joto, na gia za plastiki zilizomo ndani ya habu nyingi zinasagika. Baki kwenye ampea 14 au 15. Kama mota iko gurudumu la mbele na uma ni wa aluminiamu, kuwa mwangalifu zaidi: nguvu ikizidi, ekseli inaweza kujizungusha na kutoka kwenye uma ukiwa njiani. Weka kipande cha chuma cha kuizuia ekseli isizunguke. Ni kitu cha elfu kumi na tano hadi thelathini, na fundi asiyekitaja hajafanya kazi hii sana.

Uamuzi: inafaa kama kontrola au skrini yako ni mbovu. Kama ni nzima, rudi njia ya kwanza.

Njia ya nne: kutoka volti 36 kwenda 48

Bei: betri ya 48 yenye ampea-saa 13 ni kama 625,000 hadi 875,000 kiwandani, kabla ya kusafirishwa. Ongeza chaja, na huenda kontrola. Upatikanaji: mgumu. Uimara: unategemea seli.

Hii ndiyo njia inayoongeza kasi kweli, kwa sababu mizunguko ya mota inapanda na volti. Mota iliyokuwa ikifika 27 inakaribia 36. Vijana wanaipenda, na ndiyo inayounguza vitu vingi zaidi.

Kwenye kijiwe kimoja cha Mwanakwerekwe, kijana alileta betri ya 48 aliyouziwa na rafiki, akataka ichomekwe tu. Fundi alifungua skrubu nne za kontrola ya zamani, akaielekeza bodi juani, akaweka bisibisi kwenye kapasita nyeusi nene kama kidole. "Hebu soma hapo, mdogo wangu." Kijana akasoma: 50V. "Betri yako ikijaa ni volti ngapi?" Kijana akasema 48. "Ikijaa ni 54 na nusu. Hiyo kapasita itapasuka hata hujafika Amani."

Hesabu ya fundi ni sahihi: seli 13 mara volti 4.2 ni 54.6. Kontrola ya 36 yenye kapasita za volti 50 haiiwezi. Yenye kapasita za volti 63 inaweza, ila ikague kwa macho, usikubali maneno ya dukani. Taa zinazotumia umeme wa betri kubwa nazo zinaweza kuungua.

Chaja ni jambo la usalama wa nyumba nzima. Chaja ya 48 inatoa volti 54.6, ukiichomeka kwenye betri ya 36 unaizidishia umeme, na betri ya lithiamu iliyozidishiwa inawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Nyumba za Mji Mkongwe zina boriti, ngazi za mbao na mlango mmoja. Ukiwa na betri mbili tofauti, zipe plagi tofauti na chaja ziandike kwa rangi. Usichaji ngazini wala njia ya kutokea, na usichaji usiku watu wamelala.

Uamuzi: usifanye kwa betri ya pili ya kujaribia. Kama betri yako imekufa na lazima ununue nyingine, na mota ni ya habu, hapo fikiria 48 pamoja na kontrola yake. Vinginevyo nunua 36 nzuri.

Njia ya tano: gurudumu lenye mota kubwa

Bei: 500,000 hadi 750,000 bila betri. Ukijumlisha betri inayoiweza, umevuka milioni na nusu.

Gurudumu la wati 1,000 linaweza kukupeleka 40 na zaidi. Fremu, rimu na breki za baiskeli ya mjini hazikuundwa kwa mwendo huo. Na ukiweka akselereta ya mkononi ukaacha kukanyaga padeli, itakuwa kazi kumweleza askari wa usalama barabarani kwamba hicho si chombo cha moto kinachotaka usajili, leseni na bima. Ukigonga mtu, mazungumzo yanakuwa mazito zaidi.

Uamuzi: hapana. Kwa pesa hizo uko karibu na pikipiki iliyokamilika.

Gharama ambazo hazimo kwenye bei

Kwanza, betri. Nguvu ya kukata hewa inapanda haraka kuliko kasi yenyewe, kwa hiyo kila kilomita ya mwendo mkali inakula umeme zaidi. Chukua betri ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360, na mwendeshaji anayekanyaga kidogo tu. Kwa 25 itampeleka kama kilomita 40. Kwa 35 itampeleka kama 25.

Umeme wenyewe ni kitu kidogo: kuijaza betri hiyo ni chini ya nusu uniti kwenye mita yako ya Tukuza. Gharama iko kwenye uhai wa betri. Tuseme inavumilia kujazwa mara 500 na mpya ni shilingi 700,000. Kwa 25 utapata kilomita 20,000, sawa na shilingi 35 kwa kilomita. Kwa 35 utapata 12,500, sawa na shilingi 56. Ukienda kilomita 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, mwendo mkali unakutoza shilingi 105,000 kila mwaka hata kama kufungua kikomo kulikuwa bure.

Pili, breki. Kutoka 25 hadi 35, umbali wa kusimama unaongezeka karibu mara mbili. Breki ya kawaida inayosimama mita 6 itahitaji kama 12, na hapo hujahesabu muda wa kushtuka. Wakati wa masika raba iliyolowa inashika kwa kuchelewa zaidi. Raba mpya ni 5,000 hadi 10,000 kwa jozi. Ukifungua kikomo bila kubadilisha raba, umefanya nusu ya kazi.

Tatu, forodha na nauli. Ushuru hauhesabiwi kwa bei ya kitu peke yake. Kwa kawaida unahesabiwa kwa bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT inakaa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kitu cha dola 90 chenye nauli ya dola 60 kinaweza kutozwa kama cha 150. Ongeza wakala wa forodha na siku za stoo. Kwa vipuri vidogo ni nafuu watu watatu wanne waagize mzigo mmoja.

Nne, ndugu wa Muscat na Dubai. Wengi wanapanga aje na betri kwenye begi. Haitapita. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwenye mizigo ya abiria, ya mkononi na ya chini, na betri ya kawaida ya baiskeli inavuka hapo kwa mbali. Skrini, kontrola, gia na raba anaweza kuleta. Betri inakuja kama mzigo wa hatari kwa utaratibu wake, na ndiyo maana bei ya Unguja haifanani na ya mtandaoni. Kwa boti kutoka Dar, uliza ofisi ya mizigo kabla hujanunua Kariakoo.

Tano, seli za uongo. Fundi akikushauri kufufua betri kwa seli mpya, inaweza kuwa nafuu kuliko kununua: betri ya 36 yenye seli 40, kila moja kama 10,000, ni laki nne, pamoja na bodi ya ulinzi na ufundi. Lakini soma seli. Za ukubwa wa 18650, zinazotumika kwenye betri nyingi, haziendi mbali na mAh 3,500. Ukiona iliyoandikwa 9,900, ni ya uongo, na uzito wake mwepesi mkononi utakuthibitishia. Uliza pia zinaunganishwa vipi: kwa mashine ya kubandika vibati, au kwa solda. Solda inaipikia seli joto na kuiua mapema.

Sita, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kinga ya umeme ya 25,000 hadi 40,000 ni nafuu kuliko chaja mpya. Na chumvi: plagi zote ulizofungua zitiwe grisi ya umeme na zizibwe, si solotepu peke yake, la sivyo miezi michache baadaye utaona ukungu wa kijani kwenye shaba.

Kama safari yako ni ndefu

Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, na Paje haipungui sana. Betri ya kawaida haifiki kwa mkupuo mmoja hata kwa mwendo wa 25. Ukiongeza kasi unazidi kufupisha safari. Anayekwenda huko kila siku hana haja ya kuchakachua baiskeli. Apande daladala, au auze baiskeli ingali nzima aongezee chombo chenye namba. Vespa ya mtumba iliyo katika hali ya kuaminika, tenga 1,500,000 hadi 2,500,000. Pikipiki ya umeme, anza kufikiria kwenye 3,000,000, na usilipe mpaka umeonyeshwa betri ya akiba iko wapi. Nairobi na Kigali wana vituo vya kubadilishana betri ndani ya dakika chache. Mahali pasipo na kituo, masafa ya betri yako ndiyo mwisho wa safari.

Na usimsahau mnunuzi wa kesho. Baiskeli iliyobaki na mfumo wake wa kiwandani inauzika kirahisi. Iliyounganishwa waya za rangi tano inauzwa kwa bei ya chuma.

Kata shauri kwa mfuko wako

Una elfu hamsini: tairi zijazwe kwa kipimo, breki zisisugue, cheni isafishwe, betri ipimwe. Ikibaki elfu kumi, badilisha gia ya nyuma.

Una laki moja: fanya hayo yote, weka raba mpya za breki mbele na nyuma, kisha fungua kikomo kwenye skrini hadi 32 kama mota ni ya habu na safari yako inazidi kilomita 8. Hii ndiyo bei bora kuliko zote humu.

Una laki tatu: kama skrini au kontrola ni mbovu, nunua seti mpya na kizuizi cha ekseli. Kama ni nzima, nunua kofia ngumu na kinga ya umeme, na iliyobaki anzishia akiba ya betri, maana siku yake itafika.

Una laki saba hadi tisa na betri imekufa: nunua betri yenye seli zinazojulikana na risiti yenye dhamana iliyoandikwa tarehe. Chagua 36 kama hujui pa kupata kontrola ya 48.

Una milioni moja na nusu na unataka 45: usiitie kwenye baiskeli. Ukiwa nayo mkononi wiki hii, zunguka kwanza wanapouza vespa.